Jina Moja, Baba Mmoja? Tuisome Upya Makala ya Waafrika wa Yorkshire

Mwaka 2007 jarida la European Journal of Human Genetics lilichapisha makala fupi ambayo watu wanaisimulia hadi leo. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester, pamoja na wenzao, walikuwa wakichunguza kromosomu Y za wanaume wa Uingereza. Katikati ya sampuli akatokea mwanamume mmoja, mwenyeji wa Uingereza kwa vigezo vyote walivyokuwa wakitumia, ambaye kromosomu yake Y ilikuwa ya aina inayoitwa A1. Kundi zima la A lilikuwa likihesabiwa kuwa la Afrika peke yake. Kwa Ulaya Magharibi, hakuna aliyewahi kuripoti hata mfano mmoja.

Mtu huyo alikuwa na jina la ukoo adimu, asili yake Yorkshire ya mashariki. Watafiti wakawatafuta wanaume wengine wenye jina hilohilo na kuwapima. Kati ya wanaume 18, saba walikuwa na A1.

Hapo ndipo simulizi inapoanza kukimbia kuliko ushahidi. Ukiisikia habari hii ikisimuliwa kijiweni au mtandaoni, inakuja hivi: jina ni adimu, kwa hiyo chanzo chake ni mtu mmoja, wenye jina wana kromosomu ya Afrika, kwa hiyo mtu huyo alikuwa Mwafrika, basi, kesi imekwisha. Jina moja, baba mmoja.

Makala yenyewe haisemi hivyo. Ni kazi nzuri, nami nitaeleza kwa nini, ingawa ina mahali inapolegea. Ninachotaka kukipinga hasa ni hiyo fomula ya "jina moja, baba mmoja" ambayo wengi wanaisomea makala hii. Imeuzwa sana, kwenye vitabu na kwenye matangazo ya vipimo vya DNA, na haisimami. Uadimu wa jina unatuambia habari za walionusurika. Kuhusu walioanzisha jina, unatuambia kidogo sana.

Ili tuipime makala ya 2007 kwa haki, inabidi kwanza tuelewe jina la ukoo la Kiingereza linavyofanya kazi, kisha turudi nyuma hadi mwaka 2000, fomula hii ilipopata nguvu.

Jina linalorithiwa kama kromosomu

Kwa wengi wetu hapa Tanzania jina la mwisho ni la babu. Wewe ni fulani, wa fulani, wa fulani. Mwanao akizaliwa, jina la babu yako linadondoka na la baba yako linasogea mbele. Kila kizazi mkia unabadilika. Uingereza mambo ni tofauti: jina la mwisho limeganda. Baba akiitwa Sykes, mwana ni Sykes, mjukuu ni Sykes, na kitukuu vilevile.

Mfumo huo haukuanza siku moja. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, wenye ardhi ndio walioanza kurithisha majina. Watu wa kawaida walifuata polepole, na kufikia karibu mwaka 1400 wengi walikuwa nayo, kaskazini kukichelewa kidogo. Majina yalitoka sehemu nne kubwa: mahali mtu alipoishi au alipotoka, kazi yake, jina la baba yake, au jina la utani.

Sasa, kromosomu Y nayo inatoka kwa baba kwenda kwa mwana tu. Binti haipati. Kwa hiyo kinadharia jina na kromosomu Y vinasafiri kwenye basi moja, karne baada ya karne. Wanaume wawili wenye jina moja adimu wakiwa na kromosomu Y zinazofanana, una sababu nzuri ya kushuku kwamba wana babu mmoja.

Wazo la kuyatumia majina kisayansi ni la zamani kuliko DNA. Mwaka 1875 George Darwin, mtoto wa Charles, aliyatumia majina ya ukoo kukadiria ni Waingereza wangapi wanaooa binamu zao. Mwaka 1890 Henry Brougham Guppy alichapisha kitabu cha kuonyesha majina yamejikusanya katika kaunti zipi, akitumia orodha za wakulima, watu ambao hawahamihami ovyo. Leo kuna sensa ya 1881 iliyonakiliwa kwenye kompyuta, na unaweza kuchora ramani ya jina lolote ukiwa umekaa kitandani. Majina mengi adimu yanaonekana kama doa dogo la wino: tarafa chache katika kaunti moja, kwingineko kweupe.

Doa hilo ndilo linalowashawishi watu. "Unaona? Limeanzia hapa, kwa mtu mmoja." Kumbuka tu kwamba doa ni la mwaka 1881, yaani karibu miaka 500 baada ya majina kuganda.

Makala ya Sykes na nusu iliyobaki

Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, alichapisha pamoja na Catherine Irven makala kuhusu jina lake mwenyewe katika American Journal of Human Genetics. Jina Sykes si adimu sana, lakini ndilo lililofungua njia ya utafiti wote wa majina adimu uliofuata. Linatokana na neno la zamani la kaskazini lenye maana ya kijito au mfereji, aina ya vijito vilivyotumika pia kama mpaka wa mashamba. Vijito vya namna hiyo vimejaa Yorkshire. Wataalamu wa majina walitarajia kwa hiyo kwamba watu wengi wasiojuana waliitwa Sykes kila mmoja kwa kijito chake.

Vipimo vilionyesha kingine. Karibu nusu ya akina Sykes waliopimwa walikuwa na muundo uleule wa kromosomu Y, na muundo huo haukuonekana kwa watu wa kulinganisha, si wa eneo lile wala wa Uingereza kwa jumla. Waandishi wakahitimisha: akina Sykes wa leo wana mwanzilishi mmoja. Na nusu ya pili je? Hao, wakasema, wanaweza kuelezwa na watoto waliozaliwa nje kwa muda wa miaka 700, kwa wastani wa 1.3% kwa kizazi.

Waswahili tuna msemo unaolieleza jambo hili kuliko istilahi yoyote: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, na jina atachukua la mwenye kitanda. Jina halina habari. Kromosomu ndiyo inayojua.

Ni makala ya kijasiri, na ilikuwa ya mwanzo kabisa katika uwanja huu. Lakini iangalie hoja yake kwa makini. Nusu moja inafanana; hilo linahesabiwa kuwa ushahidi wa mwanzilishi mmoja. Nusu nyingine haifanani, na mgawanyo wake hautofautiani na wa watu wa kawaida wa eneo. Hilo linahesabiwa kuwa athari ya watoto wa nje. Sasa jiulize: kama waanzilishi wangekuwa ishirini, mmoja wao akajaliwa uzao mkubwa na wengine kumi na tisa wakaacha vizazi vichache vichache, tungeona nini? Tungeona kitu hichohicho. Kundi moja kubwa linalofanana, na wengine mchanganyiko unaofanana na majirani.

Data zilezile, hadithi mbili. Makala ilichagua moja. Tena kwa kutumia alama nne tu za kromosomu, idadi ambayo leo ingeonekana ndogo hata kwa kazi ya shahada ya kwanza. Kitabu chake cha 2003 kwa wasomaji wa kawaida, Adam's Curse, kiliipeleka hadithi hiyo mbali zaidi, na hapo ndipo fomula ya "jina moja, baba mmoja" ilipotoka maabara kwenda sebuleni.

Chukua kikokotoo

Hadithi ya pili, ile ya waanzilishi wengi na mshindi mmoja, inaonekana kama ya kubuni mpaka upige hesabu. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza hadharani kwa nini majina ya ukoo yanatoweka, na kasisi mwanahisabati Henry Watson akamjibu. Watson alikosea hatua moja na kuhitimisha kwamba kila jina hatimaye litatoweka, lakini njia yake ilikuwa sahihi na wanabaiolojia wanaitumia hadi leo.

Tuifanye kwa ufupi. Tuseme kila mwanamume ana wastani wa mtoto mmoja wa kiume atakayekua na kuwa mzazi. Wastani tu: wengine hawana kabisa, wengine wana wawili, watatu. Tumia mgawanyo wa Poisson. Uwezekano kwamba mstari wa mtu umekatika baada ya kizazi kimoja ni e kwa kipeo cha −1, yaani takriban 37%. Kwa kizazi kinachofuata, chukua jibu hilo, toa 1, lifanye kipeo cha e tena. Unapata 53%. Endelea hivyo. Baada ya vizazi 10 uko kwenye 84%. Baada ya vizazi 23, ambavyo ni kama miaka 700 kwa miaka 30 kila kizazi, uko kwenye 92%.

Yaani kati ya wanaume 100 waliokuwa na jina mwaka 1300, 92 hawana leo hata mjukuu mmoja wa mstari wa kiume. Hapo hakuna tauni, hakuna vita, hakuna laana. Ni bahati ya uzazi tu.

Sasa weka wanaume 10 wasiohusiana, kila mmoja akiishi kando ya kijito chake, wote wakiitwa jina moja. Kila mmoja ana takriban 8% ya kufika leo. Ukifanya hesabu, katika majaribio 100 kama hayo jina lenyewe linatoweka kabisa mara 44. Katika mara 56 linaponusurika, mara kama 38 limebaki na mstari wa mtu mmoja peke yake. Theluthi mbili! Ukiwapima wenye jina leo utawakuta wote ni ndugu, ramani itaonyesha doa moja zuri la wino, na utaapa kwamba jina lilianzishwa na mtu mmoja. Kumbe walikuwa kumi.

Mfano huu ni wa kuchonga kwa shoka. Idadi ya watu wa Uingereza haikukaa palepale: tauni ya 1348 iliishusha vibaya, na baada ya katikati ya karne ya 18 iliongezeka kwa kasi. Idadi ikikua mistari mingi zaidi inanusurika, ikishuka mingi zaidi inakatika. Lakini somo linabaki: ufanano wa leo hauthibitishi umoja wa chanzo.

Kazi ya 2009 iliyopaswa kumaliza ubishi

Mwaka 2009 King na Jobling waliliweka jambo hili mezani kwa data. Katika Molecular Biology and Evolution walichapisha uchambuzi wa kromosomu Y 1,678 kutoka majina 40 ya Uingereza, ya kawaida na adimu. Kwa wastani, 62% ya wanaume waliangukia ndani ya vikundi vya watu wenye babu mmoja wa karibu. Lakini wastani huo unaficha masafa makubwa, kuanzia 0% hadi 87%. Akina Smith, jina la wahunzi wa kila kijiji, hawakutofautiana na watu wa kawaida. Majina adimu kama Attenborough yalikuwa upande wa pili kabisa.

Hadi hapo msomaji mwenye haraka atasema Sykes alikuwa sahihi. Subiri. Matokeo mawili yanageuza maana yake.

La kwanza: vikundi vingi havina kina. Babu wao wa pamoja, ukimkadiria kwa idadi ya mabadiliko yaliyojilimbikiza kwenye kromosomu, mara nyingi aliishi karne kadhaa baada ya majina kuganda. Huyo si mwanzilishi wa jina. Ni mjukuu wa mjukuu wa mwanzilishi, aliyebahatika kupata wana wengi.

La pili, ambalo mimi naliona zito zaidi: aina ya jina haikuleta tofauti inayoonekana. Kama idadi ya waanzilishi ndiyo inayoamua, jina lililotokana na kitongoji kimoja cha pekee lingepaswa kuwa na kromosomu chache kuliko jina la kazi au la utani ambalo lingeweza kuanza popote. Haikuwa hivyo. Kilichokuwa na uzito ni ukubwa wa jina leo, yaani jinsi bahati ya uzazi ilivyolikata na kulikuza. Waandishi wenyewe wakahitimisha kwamba hali ya leo inatupa habari chache za kuaminika kuhusu waanzilishi wa miaka 700 iliyopita.

Hitimisho hilo lingepaswa kuandikwa kwenye kila boksi la kipimo cha DNA kinachouzwa kwa ahadi ya "kuijua asili ya jina lako".

Turudi Yorkshire

Sasa tunaweza kuisoma makala ya 2007 kwa jicho lililo macho.

Nguvu yake ni hii. Watafiti walikwenda kwenye nyaraka, wakawapanga wale saba wenye A1 katika koo mbili, kila ukoo ukiwa na babu aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Nyaraka zilikomea hapo. Hazikuweza kuziunganisha koo hizo mbili. Ndipo wakatumia alama 77 za kromosomu Y. Linganisha na nne za mwaka 2000. Alama zikaonyesha kwamba koo hizo zinaweza kukutana vizazi vichache tu kabla ya hapo. Vinasaba vimefanya kazi ambayo daftari la kanisa lilishindwa, na vimeifanya bila kujivuna. Hapa ndipo jina adimu na kromosomu Y vinapofaa kweli: kuwaambia watu wawili kwamba ni binamu.

Lakini kuna mambo matatu ya kudai zaidi.

Kwanza, wale kumi na mmoja. Saba kati ya 18 ni 39%. Waliobaki ndio wengi, nao wana jina lilelile bila A1. Simulizi ya mtaani inawasahau kabisa. Inawezekana jina lilikuwa na waanzilishi kadhaa. Inawezekana A1 ndiyo ya mwanzo na wengine waliingia baadaye kwa njia ya kitanda. Na inawezekana, nami naona halipewi uzito wa kutosha, kwamba ni kinyume: jina lilikuwepo tayari, na kromosomu A1 ndiyo iliyoingia baadaye, kwa mtoto wa nje, kwa kuasiliwa, kwa mtumishi aliyepewa jina, kwa mwanamke aliyempa mwanawe jina la kwao. Jina na kromosomu si lazima vilipanda basi kituo kimoja. Ukisema "ukoo ulioanzishwa na Mwafrika" umeshachagua jibu moja kati ya haya bila kutoa sababu.

Pili, tarehe. Babu wa pamoja aliyeishi karne ya 18 hatuambii kwamba A1 ilifika karne ya 18. Anatuambia tu kwamba mistari ya waliopimwa inakutana hapo. Kromosomu ingeweza kuwa Uingereza karne nyingi kabla, ikipita kwa mwana mmoja mmoja huku matawi mengine yakikatika. Tumeshaona kwamba 84% ya mistari hukatika ndani ya vizazi 10. Makala inakumbusha kwamba Waafrika wanatajwa Uingereza tangu enzi za Warumi, na ni kweli: karne ya 3 kulikuwa na kikosi cha Wamauri huko Aballava, kwenye ukuta wa Hadrian. Karne ya 18 kulikuwa na maelfu ya watu weusi nchini, watumishi, mabaharia, wanamuziki, wengi wao waliofikishwa na biashara ya utumwa. Kwa idadi pekee, karne za karibu zina uwezekano mkubwa zaidi. Lakini huo ni ushahidi wa historia. Kromosomu haikuusema.

Vilevile asili ya Afrika Magharibi. Ulinganisho unaelekeza huko, na sina sababu ya kuupinga. Ila A1 ni adimu hata Afrika kwenyewe, na unapolinganisha na sampuli chache unapata jibu la upana wa kanda, si la kijiji wala kabila. Tena ramani ya kromosomu za Afrika ilikuwa bado changa. Kundi A lilihesabiwa wakati ule kuwa tawi la ndani kabisa la mti wa kromosomu Y, na A1 ilikuwa sehemu yake. Mwaka 2013 likatangazwa tawi la kale kuliko yote yaliyojulikana, A00, lililoanza kuonekana kwa mteja wa kipimo cha nasaba, Mmarekani mweusi, kisha likapatikana kwa Wambo wa Kameruni. Mti wenyewe ulibidi uchorwe upya mizizi. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kusema "kumbe wale Yorkshire ni ndugu zetu" angoje kidogo. Kama ni undugu, ni wa upande wa pili wa bara, na ni wa uzi mwembamba mno.

Mwembamba kiasi gani? Tuseme Mwafrika huyo aliishi vizazi 10 nyuma. Mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi katika kizazi hicho. Yule wa kromosomu Y ni mmoja kati yao. Wengine 1,023 huenda wote walikuwa wakulima wa Yorkshire. Mchango wake wa wastani kwenye jenomu nzima ni kama 0.1%, na ukiondoa kromosomu Y yenyewe unaweza kuwa sifuri. Kuwaita wanaume hao "Waafrika" kwa sababu ya uzi huo ni kosa lilelile la kumwita jirani yao "Mwingereza halisi" kwa sababu hana uzi huo.

Jambo la tatu linatokana na hapo, nalo ni neno moja. Katika muhtasari wa makala, mwanamume wa kwanza anaitwa mwenyeji wa asili wa Uingereza, bila alama yoyote. Sentensi chache baadaye, neno hilohilo limewekewa alama za mtajo. Kati ya sentensi hizo mbili ushahidi ulivunja dhana, na waandishi waliona. Lakini waliiacha alama ya mtajo ifanye kazi ambayo ilihitaji aya nzima. Kama mtu anayetimiza vigezo vyote vya "wa asili" anabeba kromosomu ya Afrika, basi vigezo vinapima tu jinsi familia ilivyosahau, na kila ramani ya jenetiki ya Uingereza iliyojengwa juu yake inahitaji kuangaliwa tena. Nilitaka waliseme hilo kwa sauti.

Kwa upande mwingine, wanamaliza kwa onyo la wazi dhidi ya kukisia asili ya mtu kijiografia kutokana na kromosomu Y. Ndiyo sentensi ambayo wasimuliaji wengi wameiruka.

Kuna hasara gani basi?

Mtu atasema: haya ni mambo ya Waingereza na nasaba zao, acha wafurahie. Hapana, kuna watu wanaoweza kuumia.

Mwaka 2006 King na wenzake walichukua jozi 150 za wanaume wenye jina moja kila jozi, na kukadiria kwamba hadi 24% ya jozi zina babu wa karibu. Kadiri jina lilivyo adimu, uwezekano ulipanda. Wakapendekeza kwamba polisi wangeweza kukisia jina la mtuhumiwa kutokana na kromosomu Y iliyoachwa kwenye tukio. Sasa fikiria fomula ya "jina moja, baba mmoja" ikiwa mikononi mwa mpelelezi anayeiamini. Jina la kukisia ni kidokezo cha kuanzia. Ukilifanya ushahidi, mtu mwenye jina adimu anagongewa mlango usiku kwa kosa la binamu asiyemjua, au la mtu ambaye hata si binamu.

Na mwaka 2013 jarida la Science lilionyesha upande mwingine wa sarafu. Timu ya Melissa Gymrek na wenzake ilichukua jenomu zilizowekwa hadharani bila majina, ikalinganisha kromosomu Y zake na hifadhi za nasaba za mtandaoni, ikapata majina ya ukoo, kisha kwa umri na jimbo ikawatambua watu wenyewe. Walikadiria kwamba mbinu hiyo ingepata jina la ukoo kwa takriban 12% ya wanaume weupe wa Marekani. Huhitaji kuwa umepimwa wewe. Inatosha binamu wa mbali, mwenye jina lako, aliyetema mate kwenye kichupa na kuweka matokeo mtandaoni.

Ndiyo maana katika makala hii yote sijalitaja jina la Yorkshire. Muhtasari wa 2007 unaliita tu jina adimu la Yorkshire ya mashariki, na hiyo inatosha kwa sayansi. Wenye jina ni wachache. Ukilitaja umewataja wao, pamoja na wale ambao hawakuombwa kupimwa.

Hukumu yangu ni hii. Makala ya 2000 isomwe kama historia: swali zuri, jibu lililotangulia ushahidi. Ya 2009 isomwe na kila anayetaka kununua kipimo. Ya 2007 isomwe nzima, pamoja na wale kumi na mmoja. Na mtu akikuambia kwamba jina lake ni adimu kwa hiyo lilianza na mtu mmoja, mpe kikokotoo, mwambie aanze na 37%, na umwache afike kizazi cha 23.